Chumvi ya Gongoni na sahani ya mgonjwa

Msafiri atokaye Malindi kwenda Garsen, akishavuka Mto Sabaki na kuupa kisogo mji mkongwe wa Mambrui, hupokewa Gongoni na weupe wa chumvi. Imerundikwa kando ya mabwawa ambamo maji ya bahari hukaushwa kwa jua, tangu hapo hadi Kurawa na Marereni. Sehemu kubwa ya chumvi iliwayo nchini Kenya hutoka katika ukanda huu wa Magarini. Kuhusu ardhi ya mabwawa hayo yamesemwa mengi, na Tume ya Kitaifa ya Kenya ya Haki za Binadamu iliwahi kufanya uchunguzi wa hadhara na kutoa ripoti yake mwaka 2006. Hayo yana siku yake. Leo naifuata chumvi hiyo mpaka ndani ya paketi, kwa kuwa humo mna kitu ambacho bahari haikukitia.

Kitu hicho ni ayodini, ambayo wengine huiita madini joto. Tangu mwaka 1978 sheria imewalazimisha watengenezaji kuitia katika chumvi ya kula ili kuwakinga wananchi na ugonjwa wa rovu, na kuwaepusha watoto na kudumaa kwa akili. Mwaka 2012 ikaja amri nyingine, kwamba unga wa mahindi na wa ngano unaosagwa viwandani utiwe vitamini na madini, na mafuta ya kupikia nayo yatiwe vitamini. Wataalamu huvitenga virutubisho vya namna hii na vile viitwavyo hasa viongezi vya chakula, yaani rangi, vihifadhi vya kuzuia uozo, vikoleza ladha, na vile vitu vitiwavyo katika chumvi ili isigandamane wakati wa unyevu. Kwa mlaji, hata hivyo, vyote vimetiwa chakulani na mkono ambao hakuuona.

Nimeanza na chumvi kwa makusudi, nisije nikahesabiwa miongoni mwa wale wahubirio kwamba kila kitokacho kiwandani ni sumu. Ayodini hiyo imewafaa watoto wa nchi hii kuliko hotuba nyingi. Lakini wako watu wachache ambao miili yao haivumilii baadhi ya viongezi, na wakiwa majumbani mwao hujua la kula na la kuacha. Swali langu ni hili: mtu wa namna hiyo akilazwa hospitalini, hana nguvu ya kushika hata kijiko, ni nani katika wodi nzima ajuaye kilichomo katika sahani yake?

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi huko Gongoni, alilazwa mwaka juzi katika hospitali moja ya Pwani ambayo sitaitaja, baada ya kuanguka kutoka kwenye bodaboda na kuvunjika mguu. Ana pumu tangu utotoni, lakini pumu yenyewe ilikuwa imetulia miaka mingi. Siku mbili za kwanza hakuwa na shida ila maumivu ya mguu. Jioni ya siku ya tatu, muda mfupi baada ya wageni kuondoka, kifua kilimbana ghafla hata akashindwa kusema. Sista wa zamu ya usiku alidhani ni sindano aliyodungwa mchana. Daktari akaitwa, dawa ikabadilishwa. Kesho yake, saa ileile, kifua kikabana tena, na dawa ikabadilishwa mara ya pili. Siku ya tano mkewe ndiye aliyeng'amua. Aliona kwamba kila jioni kabla ya kubanwa, mumewe alikuwa amekunywa sharubati ya chupa, ile nzito ya kuchanganywa na maji, ambayo wanafunzi wake walichanga pesa wakamnunulia. Akaichukua chupa, akaisoma kwa tochi ya simu. Chini kabisa, kwa herufi za kumchosha macho hata fundi wa saa, palitajwa kihifadhi: metabisulfiti ya sodiamu.

Chupa ilipoondolewa, kifua kilitulia. Hapo ndipo mwalimu alipokumbuka kwamba zamani afisa mmoja wa kliniki alimwonya ajihadhari na matunda makavu ya dukani. Yeye aliyatupilia mbali maneno hayo, maana Gongoni ni nani alaye zabibu kavu? Nilimwuliza mbona hakuwaambia madaktari siku aliyolazwa. Akanijibu, "Waliniuliza kama kuna dawa inayonidhuru, nikasema hakuna. Chakula hawakuniuliza."

Nimelirudia jibu hilo akilini mara nyingi. Sista alifanya kama alivyofundishwa, daktari naye aliishuku dawa, kama ambavyo daktari yeyote angefanya. Wanafunzi walionyesha mapenzi. Kilichopungua ni swali moja ambalo fomu haikuwa nalo, na kwa sababu ya swali hilo mtu mzima alikaa siku mbili akitibiwa ugonjwa ambao alikuwa akiunywa kwa glasi.

Yafaa tueleze jinsi jambo lenyewe linavyotukia. Sulfiti ni jamaa ya vihifadhi vijulikanavyo kwa namba 220 hadi 228, ambazo mara nyingine hutanguliwa na herufi E. Huzuia chakula kisigeuke rangi na kisiharibiwe na vijidudu. Zikikutana na uchachu, kama ule wa sharubati au wa tumboni, hutoa gesi ya dioksidi ya salfa. Na gesi hiyo ikivutwa na mwenye pumu, njia zake za pumzi zaweza kujifinya papo hapo. Makadirio ya kawaida ya watafiti ni kwamba, katika kila watu 100 wenye pumu, kati ya 3 na 10 huathirika. Serikali ya Marekani ilipiga marufuku mwaka 1986 utiaji wa sulfiti katika matunda na mboga ziliwazo mbichi, baada ya kuripotiwa vifo. Kanuni za kimataifa za Codex nazo zinataka sulfiti itajwe kwenye lebo pindi inapofikia miligramu 10 katika kilo moja ya chakula.

Wakenya walilisikia jina hilo kwa kishindo mnamo Julai 2019, pale kituo cha televisheni cha NTV kilipofichua kwamba baadhi ya maduka makubwa yalikuwa yakiipaka nyama metabisulfiti ya sodiamu ili ionekane nyekundu kama iliyochinjwa alfajiri hiyo. Taifa lilishtuka, wakaguzi wakatumwa, na kwa majuma machache watu wakarudi kwa bucha wa mtaani. Kwa kadiri nikumbukavyo, mjadala wote ulielemea upande wa udanganyifu, kwamba nyama iliyochina inauzwa kwa bei ya nyama mpya. Mwenye pumu hakupata nafasi katika mjadala ule, ilhali yeye ndiye ambaye kipande kimoja tu kingeweza kumpeleka hospitalini, na akishafika huko asijue alichokula.

Nasi watu wa Pwani tusijione tuko mbali na mambo haya. Kamba wanaovuliwa kwa meli kubwa na kusafirishwa mbali aghalabu huchovywa katika sulfiti ili wasipate madoa meusi. Kamba walionunuliwa asubuhi kwa mvuvi wa Ngomeni hawana ila maji ya bahari. Wakiwa sahanini huwezi kuwapambanua. Halafu ziko rangi. Mabuyu yetu, tunda la mti ambao hauhitaji kitu kutoka kwa mtu, hupikwa kwa sukari na kutiwa rangi nyekundu mpaka ulimi wa mtoto ukawaka. Viazi vya karai havinunuliwi kama havikung'aa kwa umanjano. Zafarani ni ghali, kwa hiyo wapishi wengi wa biriani hutumia unga wa rangi uuzwao kwa vipakiti, na humo ndimo mara nyingi ikaamo tatrazini, rangi ya manjano yenye namba 102. Bibi zetu walitumia manjano ya kutwangwa. Sisemi hivyo kwa kulilia ya kale. Nasema tu kwamba manjano bibi aliyajua, na hiki kipakiti mpishi mwenyewe hakijui.

Hapa lazima nilete upande wa pili wa mizani, hasa kwa kuwa wasomaji wengi wa safu hii ni walimu na wanafunzi, watu wapendao ushahidi. Hofu ya viongezi ni kubwa kuliko madhara yenyewe. Katika uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 1987, watu zaidi ya 18,000 waliulizwa, na zaidi ya 7 katika kila 100 walisema kwamba viongezi huwadhuru. Baadhi yao walipopimwa kwa kupewa viongezi pasipo kujua wanachomeza, watafiti walikadiria kwamba wanaodhurika kweli hawazidi 23 katika kila watu 10,000. Kuhusu tatrazini, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imesema kuwa wanaowashwa na kutokwa na vipele kwa sababu yake ni pungufu ya mmoja katika kila 10,000. Kile kikoleza ladha chenye namba 621, glutameti, kimeshtakiwa tangu mwaka 1968, pale daktari mmoja alipoandika barua katika jarida la tiba la Marekani akieleza alivyojisikia baada ya kula katika mikahawa ya Kichina. Majaribio ya kitaalamu yaliyofuata hayakuweza kuthibitisha shtaka hilo kwa uthabiti. Na watafiti wa Southampton walioonyesha mwaka 2007 kwamba mchanganyiko wa baadhi ya rangi pamoja na kihifadhi cha benzoeti huweza kuwazidishia watoto utukutu waliona athari ndogo, ingawa Umoja wa Ulaya uliona yatosha kuagiza onyo kwenye lebo kuanzia mwaka 2010.

Kwa hiyo simtetei kila asemaye kwamba chakula fulani hakimpendi. Ugumu wenyewe ni kwamba, kwa kawaida, athari hizi hazipiti njia ile ya kinga ya mwili inayopimwa kwa kuchomwa ngozi au kutolewa damu, kama ilivyo kwa mtu mwenye mzio wa karanga. Njia iliyopo ni ya kizamani: kuandika kila kilicholiwa na saa yake, kukiacha kinachoshukiwa, kisha kukirudia mbele ya mtaalamu uone kitakachotokea. Hospitali ndipo mahali pazuri kuliko pote pa kufanya hivyo, maana mgonjwa yupo, saa ipo, na chati inaning'inia miguuni pa kitanda. Chati hiyo huandikwa joto, mapigo ya moyo, dawa na pengine hata mkojo. Kilichoingia kinywani kwa njia ya sahani hakiandikwi.

Kuna jambo lililonishangaza nilipolichunguza suala hili. Tunazoea kukicheka chakula cha hospitali zetu: uji usio na maziwa, ugali, kabichi, maharagwe, sukuma wiki iliyochemshwa ikachoka. Kwa mtu asiyevumilia viongezi, hicho ndicho chakula salama kuliko chote katika jengo lile. Maharagwe yaliyochemshwa kwa maji na chumvi hayana rangi wala kihifadhi cha kumwogopesha mtu. Hatari hupita langoni saa za kuzuru wagonjwa. Hupita ndani ya mifuko ya jamaa na marafiki: sharubati ya chupa, soda ya rangi, soseji, biskuti, chipsi zilizonunuliwa kwenye kioski ng'ambo ya barabara zikamwagiwa sosi nyekundu. Na hupita ndani ya hotipoti, biriani la manjano lililopikwa kwa upendo tangu alfajiri.

Sheria tunazo za kutosha. Sura ya 254 inahusu vyakula, dawa na kemikali. Shirika la Viwango la Kenya lipo. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu lebo kinataka bidhaa iliyofungashwa itaje viambato vyake. Na Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mlaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike na bidhaa na huduma. Ila sheria hizi zote huishia mahali paketi inapofunguliwa. Sufuria haina lebo. Biriani likishapakuliwa, lebo iliyobaki ni ulimi wa aliyelipika, na ulimi huo lazima uulizwe.

Nako kuuliza ndiko kugumu. Mswahili na Mgiriama kwa pamoja hufundishwa kwamba mgonjwa hulishwa, hahojiani na anayemlisha. Shangazi aliyepanda matatu kutoka Marereni akiwa na hotipoti pajani hatarajii kuulizwa ametia nini. Rafiki yangu aliniambia kwamba kubanwa kifua hakukumtaabisha kama siku aliyolazimika kulikataa biriani la shangazi yake, kwa kuwa baada ya kisa cha sharubati hakutaka kula chochote asichokijua. Shangazi alinyamaza, akafunika chombo, akaondoka kabla ya kengele. Msomaji wa mbali aweza kuliona hilo kuwa jambo dogo la kununiana. Sisi tunaoishi katika kaunti ya Kilifi, ambako wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, tunajua kwamba kukataa chakula cha jamaa mbele ya wodi nzima ni neno zito. Wagonjwa wa vitanda jirani husikia, husimulia, na kufikia Ijumaa tayari pana jina la mtu katika vinywa vya watu. Laiti kungekuwa na karatasi juu ya kitanda iliyoandikwa na daktari kwamba mgonjwa huyu asipewe vyakula vyenye rangi na vihifadhi hivi, shangazi angeisoma au angesomewa, na biriani lingekwenda kwa wagonjwa wengine kwa heshima zote. Karatasi ya daktari huchukua lawama ambayo mgonjwa hawezi kuibeba.

Mambo hayaishii kwenye chakula. Dawa nazo zina viongezi vyake. Dawa ya maji ya mtoto yenye rangi ya waridi haikuzaliwa nayo. Mna rangi humo, mna kihifadhi, aghalabu benzoeti, na mna utamu. Ganda la vidonge vya kapsuli hutiwa rangi ili kidonge kitambulike. Marekani imetaka tangu mwaka 1980 dawa zenye tatrazini zitaje hivyo kwenye lebo, na mnamo Januari 2025 ikaamuru rangi nyekundu ya namba 3 iondolewe katika vyakula na dawa za kumeza, ikiwapa watengenezaji muda wa kujipanga. Uamuzi huo wa mwisho ulitokana na saratani iliyoonekana katika panya wa maabara na hauhusiani na mzio, lakini unaonyesha kwamba rangi ya dawa ni jambo la kujadiliwa hadharani.

Hapa naomba nieleweke vizuri, maana wanafunzi husoma haraka. Sindano nyingi za adrenalini huhifadhiwa kwa sulfiti ileile iliyombana mwalimu kifua. Hata hivyo, kiasi chake ni kidogo, na mtu aliyeshikwa na mzio wa kuua hapaswi kunyimwa adrenalini kwa sababu hiyo. Hiyo ndiyo dawa itakayomwokoa, na madaktari wamekubaliana juu ya hilo. Wala mtu asiache chumvi yenye ayodini kwa kuyasoma haya. Ajapo mgonjwa akisema dawa fulani ya maji humtoa vipele, la kufanya ni kumpa dawa ileile kwa umbo jingine pale inapowezekana. Akiambiwa anadeka, atakwenda nyumbani aiache kabisa.

Ni nini basi kifanyike? Huduma za afya ziko mikononi mwa serikali za kaunti tangu mwaka 2013, kwa hiyo hatuna haja ya kusubiri Nairobi kwa kila jambo. Mgonjwa wa Gongoni huanzia kituo cha afya cha hapo, akizidiwa hupelekwa Malindi, na pengine Kilifi au hospitali kuu ya Pwani iliyoko Mombasa. Katika kila kituo huulizwa upya na kuandikwa upya. Mke wa mwalimu angekuwa ameandika jina la kile kihifadhi siku ya kwanza, lingepotea kwenye gari la wagonjwa. Sasa Sheria ya Afya Dijitali ya mwaka 2023 inataka kumbukumbu za wagonjwa ziingizwe katika mitambo na kufuatana nao kutoka kituo hadi kituo. Wanaotunga fomu hizo za kompyuta wakumbuke kutenga mstari wa chakula kando ya mstari wa dawa. Swali lenyewe si refu: kuna chakula, kinywaji au kitu chochote kitiwacho chakulani ambacho kimewahi kukudhuru, na kilikudhuru vipi? Sehemu ya pili ya swali ndiyo yenye faida, maana asemaye alibanwa kifua na asemaye hapendi harufu yake watatengana hapo hapo.

Jibu likishaandikwa, lifike jikoni. Nimewahi kuzungumza na mpishi wa hospitali, mama mmoja mwenye miaka mingi kazini, akaniambia kwamba anaowajua ni wa sukari na wa shinikizo la damu, kwa kuwa hao huletewa orodha yao. "Wengine wote kwangu ni idadi," alisema, "wodi hii ishirini na wanane, wodi ile kumi na tisa." Hakusema kwa ubaya. Orodha ya wagonjwa wa kisukari haikuwapo tangu zama za Adamu. Kuna siku mtu aliamua iandikwe.

Nanyi walimu mnaosoma haya, shule zenu za bweni zina jiko linalofanana sana na la hospitali: sufuria moja, midomo mia kadhaa, mlaji asiye na hiari. Tofauti ni kwamba fomu ya kujiunga na shule ya bweni mara nyingi humwuliza mzazi kuhusu afya ya mtoto, hata mzio wake, kisha fomu hiyo hufungiwa kabatini mwa ofisi na mpishi asiione milele. Mwanafunzi mwenye pumu ambaye kila Jumamosi jioni, siku ya soda na keki, hukohoa hadi usiku wa manane, huambiwa amekimbia sana uwanjani. Labda amekimbia kweli. Labda mtu ayaandike majuma manne ya Jumamosi kwenye daftari, aone.

Kwa mgonjwa mwenyewe, ushauri niliopewa na wahudumu wa afya niliowauliza ni wa kawaida, na kwa hiyo hufuatwa na wachache. Achukue kadi ndogo, aandike kwa Kiswahili na kwa Kiingereza kitu kinachomdhuru, pamoja na namba yake na dalili alizopata, aiweke mahali anapoweka kitambulisho. Jamaa mmoja, asizidi mmoja, awe ndiye mlinzi wa sahani, apokee vyakula vyote na kushukuru kwa niaba ya mgonjwa. Atakaye kuleta zawadi alete dafu, ndizi, papai au embe. Matunda ya Magarini hayana herufi ndogo. Anayepika nyumbani akune nazi mwenyewe na atie manjano, vitunguu na ndimu, viungo ambavyo jina lake na kitu chenyewe ni kimoja.

Rafiki yangu ametembea tena, kwa mkongojo kwanza, sasa bila mkongojo. Shangazi walipatana, alikwenda kwake Marereni kwa miguu yake miwili, akala. Wanafunzi waliposikia habari ya sharubati waliingiwa na huzuni, wengine wakalia, wakidhani walitaka kumwua mwalimu wao. Ili kuwatuliza aliwapa kazi: kila mmoja alete kutoka nyumbani lebo moja ya chakula, waisome darasani. Zikaja za biskuti, za siagi ya mkate, za unga, za sharubati zenyewe. Zimebandikwa ukutani na baadhi ya namba zimezungushiwa kalamu nyekundu.

Mtoto mmoja ambaye baba yake ni kibarua katika mabwawa alileta paketi ya chumvi. Aliinua mkono akauliza namba 536 ni kitu gani. Mwalimu alikuwa hajui bado, akamwambia akamwulize babake. Kesho yake mtoto alirudi na jibu: baba amesema kazi yake ni kuvuna, hizo namba hutiwa huko mbele.